Mlima wa Rangi Mbichi

Kila kipupwe kikiingia Iringa, mwanangu, ukungu ukalala bondeni mpaka saa nne, naikumbuka siku moja ya miaka ile ya sabini tulipokwenda Rujewa na kikundi chetu kuigiza. Nilikuwa kijana wa mambo mengi: nilipiga ngoma, nilitunga michezo, nilichora, nilichonga vinyago. Hakuna aliyenifundisha, na labda ndiyo maana niliogopa kila jicho.

Kwa mchezo ule nilichora mlima kwenye kitambaa kikubwa cha marekani, kitundikwe nyuma yetu. Wiki tatu nilichora na kufuta. Asubuhi ya safari, lori likinguruma nje, nikaona bega la mlima limepinda. Nakiri, sikumwambia mtu. Nikalipaka upya kwa rangi ya mafuta, ile ya milango, nikakikunja kitambaa kikiwa kibichi.

Tulipokikunjua Rujewa, mlima ulikuwa umegandamana na mbingu. Uwanjani wakulima wa mpunga na wafugaji walikwisha kukaa, wengine wametoka mbali kwa miguu, watoto migongoni. Nikajificha nyuma ya lori, nikasema siigizi.

Kiongozi wetu, Mama Tulizo, Mhehe asiyepaza sauti, akaja akaketi kando yangu.

“Wewe baba, hawa umewaita waje kuona kitambaa?”

“Watanicheka, mama.”

“Watacheka, ndiyo. Kisha? Inuka.”

Kikatundikwa hivyohivyo. Nilipotokea tu, mzee mmoja mfugaji akauliza, “Kijana, mlima huo umelambwa na ng'ombe wa nani?”

Uwanja mzima ukacheka. Kisha mdomo ukajibu wenyewe: “Wako, baba. Nimemfuata tangu Iringa.”

Wakacheka tena, lakini sasa tulicheka pamoja. Yaliyofuata nayakumbuka kama ndoto: ngoma, vumbi la dhahabu, jua likizama mbugani, na sauti yangu ikinirudia kama ya mtu nisiyemjua, asiyeogopa.

Mwanangu, tangu hapo nimeishi kwa sanaa, Iringa hadi Mbeya, na bado sijachora mlima nikauridhia. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Mimi nilidhani changu kingekosa. Itengeneze kazi yako kwa bidii, lakini siku ya watu ikifika, weka brashi chini. Waliotembea kuja kukuona usiwafiche uso kwa sababu ya ila uliyoiona peke yako.

Mungu akujalie mkono mwepesi, na watu wanaokucheka huku wakikupenda. Na rangi yako ikauke mbele yao.