Kofia ya Nyapara Yaporwa Barabarani

Watu wa kuja hudhani Kiranjeranje hakuna baridi. Thubutu! Njoo Julai alfajiri, upepo wa kipupwe unavuma, utamkuta Hamida Likwata barabarani kajitanda khanga mbili juu ya suruali ya kazi, meno yanagongana, na bado anacheka. Ana miaka thelathini na tisa. Reki ya kusawazishia lami aliishika miaka sita iliyopita, alipochoka kupalilia mikorosho ya watu. Nyapara wao alipostaafu, Hamida akaachiwa kofia nyeupe ya unyapara kwa majaribio. Asubuhi hiyo Mhandisi Stefano, ambaye hajawahi kumtia Hamida machoni, alikuwa anakuja kukagua kipande cha mwisho. Kikipita, unyapara ni wake. Kisipopita, atarudi kwenye reki, na kofia atapewa mwingine.

Na lami haina subira. Hutoka mtamboni inafuka moshi, lakini kwa baridi ile kila dakika huiba joto lake. Ikishuka chini ya nyuzi mia na ishirini kabla ya kumwagwa, inatupwa, hakuna msamaha.

Basi lori likatokea, limefunikwa turubai. Mara likasimama. Hamida akakaza macho: khanga zimefungwa ncha kwa ncha, zimekata barabara! Lahaula, watani! Kumbe siku hiyo kuna mwali anatolewa unyagoni, na watani wa ukoo wamefunga njia. Apitaye lazima ajikomboe. Mbele yao kasimama Siti, mtani wake Hamida tangu utotoni.

"Ondokeni, lami inapoa!" Damiani, dereva, akafoka.

Maskini, mgeni yule! Mtani hafokewi. Wote kumi na watano wakaketi katikati ya barabara, wakaanza kuimba.

Hamida alitimua mbio, akachomeka kipimajoto kwenye lami: mia thelathini na moja. Akasirike? Haiwezekani. Mtani akikufungia njia unatoa, tena unatoa kile ukipendacho.

"Siti, mchawi wee, unataka nini?"

"Hiyo kofia, na hicho kikoti kinachong'aa. Vinakupendezaje na sura mbaya hiyo?"

"Chukua, marehemu mtarajiwa! Lakini anayeivaa hiyo anafanya kazi!"

Khanga zikaanguka, lori likapita. Siti, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi, akajitia kiherehere pembeni: "Haya, wavivu nyie, mnangoja posa?" Lami ikamwagwa ikiwa na nyuzi mia ishirini na tatu. Watani wakapiga ngoma, na reki zikaifuata ngoma. Hamida alisawazisha kichwa wazi, akiwapangia wenzake kwa mikono na kelele, jasho likimtiririka na baridi yote ile. Kila reki ilipokwama, watani waliizomea. Nyuma yao Dionis akaja na rola ya kushindilia, mabega yanacheza kwenye usukani. Hamida alifurahi mpaka akaona kizunguzungu.

Mhandisi Stefano alipofika alipiga magoti, akapima huku na kule, akainuka anatabasamu. "Kazi safi kabisa!" Akaenda moja kwa moja kwenye kofia nyeupe, akamshika Siti mkono. "Hongera mama. Kuanzia leo unyapara ni wako rasmi."

Ngoma ikanyamaza. Hamida akajizuia kuidai kofia yake, maana kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi. Machozi yakaanza kumlengalenga.

Siti akamtazama mhandisi, akamtazama mtani wake.

"Mimi, baba? Lami mimi naijulia wapi? Hii nimepora tu. Nyapara wako ni yule pale, kichwa wazi, mbaya wa sura, anayelia kama katolewa unyagoni yeye." Akaenda kumvisha kofia kwa mikono yake mwenyewe, na vigelegele vikapasuka.

Stefano alicheka mpaka akashika gari asianguke. "Basi hongera, Nyapara Hamida!" Akapanda garini aondoke. Mbele ya gari, khanga zilikuwa zimeshatandwa upya. Akatoa kichwa dirishani, akamwangalia Hamida amwokoe.

Hamida akafuta machozi, akaiweka sawa kofia, akatoa amri yake ya kwanza.

"Mhandisi, vua koti."