Kipa wa Kuazima

Watu husema mechi ya kirafiki haina presha. Wanaosema hivyo hawajawahi kuwa na mdogo wao kikosini ligi ikikaribia kuanza. Ligi yenyewe niliishangilia kwa raha zangu, filimbi mdomoni na kopo la kupiga mkononi. Mechi za kirafiki ndizo zilizonikosesha raha, maana hapo ndipo mwalimu wa timu alipochuja watu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Timu yetu ya Shinyanga ilikuwa na kipa mmoja wa uhakika, na nafasi ya kipa wa akiba ilikuwa wazi. Mdogo wangu aliitaka kwa udi na uvumba. Alikuwa ameacha kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba ili asikose mazoezi, na baba alishamwambia kwamba akiikosa nafasi hiyo arudi kijijini akashike jembe. Mechi ya mwisho ya kujipima nguvu ilikuwa Nyarugusu, dhidi ya timu ya wachimbaji dhahabu.

Tulikwenda na lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, shabiki kuliko sisi sote, tukikalia magunia matupu ya pamba. Tunafika Ushirombo tumeshakuwa wekundu kwa vumbi. Njia nzima mdogo wangu alikuwa akivaa glavu na kuzivua, mpaka nikamwambia atazichosha kabla ya mpira.

Uwanjani kiongozi wa wenyeji alimjia mwalimu kwa unyenyekevu wa mtu mwenye shida.

"Shikamoo, mwalimu. Kipa wetu yuko shimoni tangu alfajiri. Wamegusa mwamba wenye mali, leo hatoki yule."

Desturi tuliijua: katika kirafiki, mwenyeji akipungukiwa, mgeni humwazima mtu. Mwalimu hakufikiri hata kidogo. Akamnyooshea kidole mdogo wangu.

Nilipandwa na hasira, nikamfuata kwenye benchi. "Mwalimu, huyu amekuja kudaka kwetu, si kwao."

"Dada, kaa utazame mpira."

Nikakaa chini pale pale karibu naye, nimenuna. Mcheza kwao hutuzwa, lakini siku ile kwao palikuwa wapi? Kila alipookoa, wachimbaji walimshangilia na mashabiki wenzangu wakamzomea. "Unatubania na wewe? Lori la kurudi utapewa na hao?" Alikuwa anadaka kuliko nilivyowahi kumwona, na mimi kopo limelala mapajani. Nikiishangilia timu yangu, namwombea ndugu yangu afungwe. Nikimshangilia yeye, naisaliti timu mbele ya watu niliopanda nao lori.

Mpira ukielekea kuisha, bado bila bila, tukapata penalti. Nahodha wetu akauweka mpira. Mtu yule hakuwa na siri: penalti zake zote alipiga chini, kulia kwa kipa, na mazoezini mdogo wangu alikuwa akizidaka kila jioni. Nikajua ataudaka. Kwa mara ya kwanza siku ile nikajua nilichokuwa nakitaka. Nilitaka timu yangu ikose.

"Kumbuka ulikotoka!" wenzangu wakapiga kelele.

Akatazama upande wetu, akatabasamu. Nahodha hajaugusa mpira, yeye ameshajitupa kushoto. Mpira ukaingia kulia, tena taratibu.

Wenzangu waliruka, wakakumbatiana, wakaliimba jina la mdogo wangu pamoja na la mfungaji. Mwalimu hakuinuka. Akamgeukia msaidizi wake.

"Nilimtoa makusudi, nimwone mbele ya washambuliaji wetu wenyewe. Alishapita, unajua? Ila kipa anayechagua wa kumfunga, mimi simchukui."

Tulipopanda lori, mdogo wangu alikuwa ameshavaa jezi yetu. Walimbeba, walimpigapiga mgongoni, akaimba nao mpaka sauti ikakauka. Kisha akaja kuketi kando yangu.

"Dada, umeona? Ningeanzaje kuwaangusha watu wetu?"

"Nimeona," nikasema. Nilitamani lori liharibike njiani, tusifike.

Kesho yake mwalimu angesoma majina mbele ya klabu. Kabla hatujafika Kahama, mdogo wangu aliniomba nimfulie soksi, ili jina lake likiitwa asimame mbele ya watu akiwa msafi.