Kifungu cha Barua ya Nesi

Watu wakiniuliza miaka ya tisini nilifanya kazi gani, nasitasita. Nilikuwa mkulima wa maharage, darasa la saba. Lakini kwa miaka kama mitatu nilikuwa pia mjumbe wa kijiji kwenye mazungumzo na ofisi ya kambi ya wakimbizi, huku upande wa Kibondo, na wenzangu wakaniita balozi, wakicheka. Walinichagua kwa sababu niliwahi kuuziana maharage na Warundi kabla ya vita, wakaona najua kupatana. Sina hakika kama nilijua.

Mezani kulikuwa na mambo mawili. Soko: sisi tuuze muhogo na ndizi, wao wauze mafuta na mablanketi ya mgao. Na hospitali ya kambi: wanawake wetu wapokelewe kujifungua, maana zahanati yetu haikuwa na kitu zaidi ya nesi na kitanda. Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na mtoto wake wa kwanza alifia njiani kwenda Kasulu. Kwa hiyo nisidanganye kwamba nilikaa pale kwa ajili ya kijiji tu.

Soko lilikubaliwa asubuhi. Ilipofika zamu ya hospitali, bwana afya wa kambi akauliza, "Na nesi wenu? Mkimruka hatajisikia vibaya?"

Swali lilinigusa. Nesi yule alitoka mkoa wa mbali, na sisi hatukuwahi kumkaribisha hata kwa mkungu wa ndizi. Nikasema, basi kila mama aje na barua ya nesi. Mzee aliyekaa kando yangu akanifinya paja. "Nyamaza, balozi," akaninong'oneza kwa Kiha. Lakini ilikuwa imeshaandikwa.

Uchungu ulimshika dada siku ambayo nesi amekwenda Kasulu kuchukua dawa. Tulimbeba kwa machela mpaka zahanati, tukakuta kufuli. Shemeji akasema, "Andika wewe. Sahihi ya nesi unaijua."

Kweli niliijua. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika kwamba nesi hayupo, naomba huyu mama apokelewe, nikaweka jina langu. Shemeji akaitazama, akasonya, akashika machela.

Mlinzi wa geti la kambi alisoma polepole. "Hii si ya nesi."

"Ndiyo, si ya nesi."

"Na sharti mliliweka nyie."

"Niliweka mimi."

Alikuwa anafuata maneno yangu mwenyewe, ningemlaumu vipi? Shemeji ndiye aliyegomba, mpaka mkunga mmoja Mrundi akatoka, akafunua shuka, akasema, "Ego, ndiyo, ingizeni." Karatasi yangu aliitia mfukoni bila kuisoma.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike. Kwenye kikao kilichofuata nilieleza kwamba makubaliano yamevunjwa, na aliyeyavunja ni mimi. Bwana afya akauliza kama tukiondoe kile kifungu. Wenzangu wote wakainua mikono. Mimi sikuinua, wala sikupinga. Nesi aliposikia kimeondolewa, alinuna wiki nzima, na sijui kama alikosea.

Nilipokwenda kumwona dada, alikuwa ananyonyesha.

"Kaka, pale mezani ulikuwa unanisemea mimi au unamsemea nesi?"

"Wote wawili."

"Haya," akasema, akamgeuzia mtoto ziwa la pili.