Mume wangu anataka tuhamie Harrow, lakini mwanangu namuona kwa dirisha la Vauxhall

Admin, nifichie jina. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, Mpemba, niko Landani tangu mwanzo wa miaka ya tisini. Tunakaa Vauxhall, nyumba za kaunsili, za serikali ya mtaa, ghorofa ya pili.

Tulipofika, chini ya matao ya reli kulikuwa na magereji na mabohari. Mtaa wa makabwela, kila mtu na lake. Kisha magereji yakafungwa moja moja, zikafunguliwa baa na disko za wanaume wanaopendana wao kwa wao. Jumapili asubuhi mimi nakwenda kusafisha ofisi, wao ndio kwanza wanatoka kucheza, na salamu wananipa. Nilizoea. Mume wangu hakuzoea, akipita pale anavuta uradi.

Miaka mitatu iliyopita mwanetu alituambia na yeye ni mmoja wao. Baba yake akamjibu, "Basi usinijue, nisikujue." Kijana akatoka na begi lake. Watu wakiuliza tunasema yuko Birmingham anasoma. Mimi siku ile niliendelea kuosha vyombo. Hata leo silii. Nimekufa ganzi.

Sasa anafanya kazi humo humo mataoni, anapokea makoti ya wateja. Jumapili, kabla sijatoka kwenda kazini, nikisimama dirishani jikoni namuona anatoka, anakwenda stesheni. Hainui kichwa.

Ramadhani iliyopita nilishuka na bakuli la tambi, nikampa mlinzi wa mlangoni amfikishie, Mkongo mmoja tunayesikilizana Kiswahili. Akaniambia, "Nitamupatia, mama." Kesho yake nikalikuta bakuli mlangoni kwangu, limeoshwa, ndani mna tende.

Zile tende ndizo zilizonimaliza. Nilimfunza mwenyewe alipokuwa mdogo kuwa chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Cha mama yako unakirudisha vyovyote, hata hakijaoshwa.

Mume wangu keshapata mtu wa kubadilishana naye nyumba, Harrow, mbali huko kaskazini ya Landani, karibu na ndugu zake. Anasema, "Mtaa huu umetuharibia mtoto, unangoja nini tena?" Hapa angalau kwa mwanangu mimi ni jirani. Harrow sitakuwa hata hicho.

Nyinyi mlio wazazi, msinitukanie mtoto. Niambieni tu, nikatae kuhama, au nimfuate mume wangu?