Mapasa wa Barabara ya Nyunzu

Admin, naomba ufiche jina langu, maana Kalemie ni mji mdogo na watu wana midomo. Mimi ni mama wa miaka sitini na kidogo, mjane, na nimebakiwa na mtoto mmoja tu, binti. Mwezi ujao anaolewa, na katika ukoo wote mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba mwanaume huyo pengine hafai kumwoa. Si mlevi, si mwizi. Ni kijana mzuri kuliko wote waliowahi kukanyaga nyumbani kwangu, na hilo ndilo linaloniua.

Ngoja nianze nyuma. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaire, tukiishi Nyunzu. Nilikuwa nimeshazika watoto wawili waliokufa siku ya kuzaliwa, kwa hiyo mimba ya tatu ilipokaribia mwisho mume wangu aliapa kwamba nitajifungulia hospitali, Kalemie. Treni haikutembea, mazutu, yaani dizeli, hakuna, kama kila kitu wakati ule. Tukapata nafasi kwenye gari kuukuu la mfanyabiashara mmoja. Katikati ya pori tukasikia mlio chini ya miguu yetu, gari likasimama. Dereva akaingia chini, akatoka mikono imejaa mafuta, akasema buati ya gia imepasuka na haitengenezeki pale. Saa hiyo hiyo uchungu ukanishika. Nilimuuliza Mungu kama na huyu wa tatu anamtaka.

Watu wakatokea kwenye mashamba ya mihogo, watu tusiowajua hata kwa sura. Hakuna aliyeuliza sisi ni kabila gani. Wanaume walisukuma gari hadi kivulini wakapeana zamu ya kulilinda. Wanawake walivua vitenge vyao vya juu wakanizungushia, nikajifungua pale pale kwenye nyasi. Nilitoka damu nyingi mno. Nilipopata fahamu nilikuwa ndani ya nyumba ya mwanamke nitakayemwita Mama Feza. Alikuwa amempakata binti yangu upande mmoja na mwanawe mchanga wa kiume upande wa pili, wote wawili wananyonya. Kifua changu kilikuwa kikavu kabisa. Nililia kwa aibu. Akaniambia, "Mama, usilie. Mutoto akikosa ziwa kwako, langu liko. Huyu na wangu njo mapasa sasa."

Mapasa kwetu ni mapacha, na si neno la mchezo. Dereva alikwenda kutafuta buati nyingine, tukakaa pale majuma kadhaa. Kabla hatujaondoka, wanawake waliwapaka watoto wote wawili mpemba, ule udongo mweupe, wakawaimbia nyimbo za mapacha, zile zenye matusi kama ilivyo mila, mume wangu akacheka mpaka machozi. Kisha mzee wa pale akatuuliza mbele ya wote kama tunakubali kwamba hawa wamekuwa wa tumbo moja. Tukakubali. Ningekataaje? Mtoto alikuwa anapumua kwa sababu yao.

Tulirudi mara moja na chumvi na vitenge vya shukrani. Halafu vita vikaja, Zaire ikaisha, kijiji kikatawanyika, nasi tukahamia Kalemie. Binti hatukumsimulia, maana huku ukimwita mtu mtoto wa barabarani umemtukana. Mume wangu alisema atamweleza akikua, akafa kabla.

Sasa binti yangu amefika umri ambao majirani wanauliza maswali. Uchumba wake wa kwanza ulivunjika, akakonda mpaka nikadhani nitampoteza. Kisha akamleta huyu, seremala, yatima, aliyekimbilia kambi ya Katanika, nje kidogo ya mji, wakati wa mapigano ya juzi juzi. Siku alipokuja kwetu nilipika bukari na ndagala, ugali na dagaa wa kwetu, nikamuuliza habari za kwao kama mama mkwe yeyote. Akasema, "Mama, niko na pasa wangu, wa kike. Alienda na gari angali mutoto muchanga. Mama yangu alinikataza kuoa bila kumuona." Nikamuuliza jina la mama yake. Akalitaja, na kijiji akakitaja. Bakuli la kunawia likanitoka mkononi, nikasingizia mafuta.

Kumbe Mama Feza amefia Katanika, hapa hapa karibu. Huenda tulipishana sokoni, mimi nachagua nyanya, yeye ana njaa, na hatukujuana.

Nimemuuliza mchungaji kwa kuzungukazunguka, kama habari ya mtu mwingine. Akasema maziwa si damu, mambo ya mapasa ni ya kipagani. Dada yangu mkubwa nilimuuliza vivyo hivyo, akashika kichwa, akasema nyumba ya namna hiyo haipati mtoto anayeishi. Jamani, mimi nimezika wawili. Nikisema, namnyang'anya binti yangu mume, na sijui kama atapata nguvu ya kusimama tena. Nikinyamaza, mtoto wa mwanamke aliyetuokoa atamwoa pasa wake mwenyewe bila kujua, na mimi nitakuwa nimekaa meza ya mbele nikipiga vigelegele.

Jumapili iliyopita tangazo lilisomwa kanisani, kwamba kijana fulani anamtafuta pasa wake, aliyeondoka na gari lililokuwa limeharibika njia ya Nyunzu. Binti yangu ndiye aliyelipeleka. Akanigusa kiwiko akaninong'oneza, "Mama, omba apatikane, ili tuoane na moyo mweupe." Nikainamisha kichwa kama wengine, na sikujua nimwombe Mungu nini.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mama zangu, baba zangu, msinionee huruma, niambieni tu. Nifungue mdomo, au niende nalo kaburini?