Chaki ya Bi Pindo

Bi Pindo, fundi cherehani, alipewa jina hilo kwa sababu pindo lake halifumuki, na mwenyewe alijivunia mpaka akawa kero. Hata kwenye kikundi cha kulinda kasa alijifanya mwalimu wa unadhifu. Ndiyo maana kosa lake lilimuuma maradufu.

Asubuhi moja alikuta kiota cha siku tatu kinakaribia kufikiwa na maji, akaamua kuyahamishia sehemu ya juu ya ufuko mayai yake yote mia moja na manane. Sheria ya kikundi ni moja: yai la kasa haligeuzwi, likigeuzwa hufa. Kila yai hutiwa alama ya penseli upande wa juu kabla ya kuinuliwa. Penseli aliisahau nyumbani, akatumia chaki ya buluu ya kuchorea vitambaa. Njiani manyunyu yakashuka, ndoo ikayumba, na alipofika kwenye shimo jipya mayai yalikuwa meupe pee. Akayapanga kwa kubahatisha, akafukia, akanyamaza.

Tangu siku hiyo kitambaa kilipita chini ya sindano kama maji, naye akaelea nacho. Aliyaona mayai yakigeukageuka mchangani, yakitafuta juu ni wapi. Akizinduka, ameshona mkono wa shati kwenye kola. Wateja walicheka, yeye hakuweza.

Siku ya hamsini uvumilivu ulimwisha. Akamwendea wifi yake, mwenyekiti wa kikundi, akamweleza yote macho yakiwa chini. Alijua anaweza kunyang'anywa zamu ya kulinda viota.

"Mficha uchi hazai, wifi," mwenyekiti alisema. "Ungeniambia siku ileile, wasiwasi tungeubeba wawili."

Siku ya hamsini na nane, alfajiri yenye mawingu, wote wawili walikuwapo mchanga ulipotitia. Kichwa kikachomoza, cheusi, kidogo kuliko kifungo cha koti. Kisha kingine. Bi Pindo aliwasindikiza watoto wa kasa hadi majini, asijue kama yu macho au anaota. Walikuwa thelathini na mmoja. Mayai sabini na saba hayakuanguliwa, naye akalia bila kujificha.

Wifi hakumpa pole. Alichomoa penseli kwenye kilemba chake.

"Kiota cha kule kwenye mawe nacho kinafuatwa na maji," alisema. "Nenda wewe."

Bi Pindo akatoa chaki mfukoni, akamkabidhi, akapokea penseli. Kisha akaibeba ndoo kwa mikono miwili.