Kilichokuwa Ndani ya Jicho la Shemeji

Wenzake wa chumba cha upasuaji walimbandika jina la Bi Kinyaa, na hawakumwonea. Muuguzi gani huyo anayesuuza kikombe kilichokwisha kuoshwa, na kugeuza uso mtu akipiga chafya barabarani? Lakini mbele ya jicho la mgonjwa alijikaza, mkono hautikisiki, ndiyo maana daktari hakutaka msaidizi mwingine.

Siku hiyo aliyelala mezani ni shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi wa kuchomelea mageti. Kipande cha chuma kimemrukia, alisema. Alikaa nalo jicho hilo siku kadhaa akilipangusa kwa upindo wa shati, mpaka likaoza. Mdogo mtu alipiga simu akilia: "Dada, simama naye. Akipofuka tutakula nini na watoto?"

Kioo cha mbele cha jicho kilikuwa kimegeuka cheupe. Kwa nje huoni kitu. Kwa hiyo daktari alipenyeza endoskopu, kijiti chembamba kama sindano chenye taa na kamera nchani, na uozo wote ukajianika kwenye skrini, mkubwa kama meza. Usaha ulining'inia nyuzi nyuzi, ukajiviringisha, ukafunika kamera. Mate yalimjaa Bi Kinyaa mdomoni. Akameza, akaendelea kushika mrija wa maji.

"Kile pale," daktari akasema. "Lakini mbona kina rangi ya zambarau?"

"Ni chuma, daktari," shemeji akadakia chini ya shuka. Ganzi ilikuwa ya jicho tu.

Ilikuwa ncha ya kucha ya kubandika, zambarau yenye vimetameta. Bi Kinyaa aliijua. Alimbandika mdogo wake kucha hizo kwa mkono wake mwenyewe, na majuzi alipomkuta moja imekatika na mdomo umevimba, aliambiwa eti ni mlango.

Usaha ukawa si kitu tena. Uchafu wenyewe ulikuwa hapo, umelala chali, unapumua, na yeye ndiye anayeusafisha. Mkono ungeteleza kidogo tu, nani angejua? Haukuteleza. Alipomaliza alivua glavu, akaenda kupiga simu.

Jioni shemeji, jicho limefungwa bandeji, alimwita kwa upole. "Daktari anasema nitaona. Asante, shemeji. Mwambie mke wangu aje anichukue."

"Yuko kwangu na watoto. Jicho umelipata," alisema Bi Kinyaa. "Mke umemkosa."